Ukiondoa "r" hujaondoa kitu

Juzi faili la manukuu, yale maandishi ya tafsiri chini ya filamu, limenirudia tena, limejaa wekundu sehemu 23. Filamu ya Marekani, vijana wawili weusi wanabishana kwenye ngazi za ghorofa, na mmoja anamwita mwenzake kwa lile neno la N, niga, karibu kila akivuta pumzi. Mimi niliandika "mwanangu", "mshikaji", mara nyingine "jamaa". Mteja kafuta kote, kaweka "mtu mweusi". Pembeni kaandika: "Hiyo ndiyo maana yake halisi, angalia kamusi."

"Oya mtu mweusi, nirushie funguo." Jamani, nani anaongea hivyo?

Hoja hii nimeisikia mara nyingi mno, na haiji peke yake. Inakuja na mwenzake: sisi ni weusi, kwa hiyo neno ni letu, mradi umalizie na "a" badala ya "er".

La kamusi nilimalize upesi. Ndiyo, mzizi ni "niger" ya Kilatini, yaani nyeusi. Kwa hiyo? Kafiri ni asiyeamini, kila aliyepita madrasa anajua. Neno hilohilo la Kiarabu lilipofika Afrika Kusini likageuka tusi la wazungu kwa weusi, na mwaka 2018 mwanamke mmoja alihukumiwa kwenda jela kwa kumporomoshea polisi mweusi tusi hilo. Nenda kamweleze hakimu habari za mzizi. Na hili la Marekani, mchungaji mweusi Hosea Easton aliandika tangu 1837 kwamba ni neno la kuwadharau weusi kama watu duni.

Sasa hiyo "a". Hapa ndipo presha inaponipanda. Watu wanaichukulia kama swichi ya taa: "er" ni tusi, "a" ni undugu. Kwa Wamarekani weusi wa leo tofauti ipo, wenyewe wanaisikia, sibishi. Lakini ilitoka wapi? Kiingereza chao kina desturi ya kuimeza "r" ya mwisho. Basi wazungu wenye mashamba katika pwani ya Virginia na South Carolina karne ya 19 nao waliimeza vilevile. Yule aliyeshika kiboko aliitamka "a" safi kabisa! Herufi haijawahi kuwa dawa. Kinachopima ni nani anamwambia nani, mbele ya nani, na kwa sauti gani.

Halafu sikiliza vinywa vyetu. Kiingereza tulikipata kwa Waingereza wasioitamka hiyo "r": dokta, kondakta, kompyuta, dereva. Mswahili akilisema neno hili, liwe la tusi au la mapenzi, ni niga tu, na wakiwa wengi ni maniga. Swichi yenyewe hatuna. Unajitetea kwa tofauti ambayo ulimi wako hauifanyi. Kijana mmoja niliyemfundisha Kiingereza Mwananyamala alikwenda kusoma Marekani, akamsalimu kwa neno hilo Mmarekani mweusi aliyekaa naye meza moja kantini. Yule bwana akaweka uma chini taratibu. "Umesemaje?" Kijana wangu akarudia kwa sauti zaidi, akidhani hakusikika.

Wapo pia wanaosema neno lilikombolewa na wana hip hop. Hapana. Waandishi weusi wa Harlem, New York, walijitania nalo miaka ya 1920. Mwaka 1964 mchekeshaji Dick Gregory alikipa kitabu cha maisha yake jina hilohilo, na kwenye tabaruku akamwambia mama yake, popote alipo, akilisikia tena ajue wanakitangaza kitabu cha mwanawe. Mchekeshaji mwenzake Richard Pryor naye alilisema jukwaani mpaka likawa kama kiungo cha mwili wake, hadi alipokuja Kenya mwaka 1979. Amekaa hotelini Nairobi, anatazama watu wa kila namna wakipita, wote weusi, akajiuliza: hapa namwona niga hata mmoja? Hakumwona. Akaacha kulitumia, na kisa akakisimulia mwenyewe jukwaani. Yeye kaliacha Nairobi, sisi tukaliokota.

Na Wamarekani weusi wenyewe hawajaafikiana. Mwaka 2007 NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, walilifanyia mazishi Detroit, jeneza likavutwa kwa farasi. Maiti haijakaa kaburini hata siku moja.

Mwenzangu mmoja wa kazi hulieleza kwa mfano wa utani wa makabila: Mnyamwezi na Mzaramo watatukanana msibani watu wakacheka, akidakia asiye mtani ni ugomvi. Mfano mzuri, ila unafika nusu ya njia. Katika utani kila mtu anajua yuko upande gani. Mtoto wa Mtanzania aliyezaliwa Houston yumo au hayumo? Nimebadili jibu mara tatu mwaka huu. Mimi napendelea neno letu, chizi. Mwite rafiki "mchizi wangu", atakukumbatia. Litamke hilohilo mbele ya familia ambayo ndugu yao amelazwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, uone. Wala hawatakuuliza uliishia na irabu gani.

Basi nimerudisha "mwanangu" na "mshikaji" zangu zote. Sehemu nyingine nimeandika "mimi" tu, maana vijana wale hulitumia neno hilo hata kujitaja wenyewe. Iliyobaki kunitesa ni dakika ya 51, polisi mzungu anapolitamka akiwa juu ya mgongo wa mmoja wao. Kiswahili hakina tusi lenye historia ile. Nikaweka "nyani mweusi wewe", nikafuta, nikaweka tena. Si lenyewe, lakini angalau mtazamaji atashtuka.

Jana usiku mteja kajibu. Kakubali yote, ila ana swali moja: huyo polisi, kwa nini naye tusimwekee "mshikaji", si neno ni lilelile?