Dawa za saikosisi kwa mjamzito na anayenyonyesha: "salama" maana yake nini?

Mama anayetumia olanzapini au haloperidoli, dawa za saikosisi (ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti au aamini yasiyo kweli), akijikuta na mimba, mara nyingi huvificha vidonge kabatini siku hiyohiyo. Hajaambiwa na daktari aache. Mama mkwe ameuliza tu, "Na hizo dawa, mtoto je?" Hofu inamaliza kazi.

"Salama" hapa ni neno la kulinganisha. Hata kwa wasiotumia dawa yoyote, watoto 2 hadi 3 katika kila 100 huzaliwa na kasoro ya maumbile. Linaloulizwa ni kama dawa inaongeza idadi hiyo. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2016, uliopitia mimba zaidi ya milioni 1.3, haukuona ongezeko la maana kwa dawa nyingi za kundi hili. Risperidoni pekee ilionyesha ongezeko dogo. Upande wa pili wa mizani kuna ugonjwa wenyewe: mama asiyelala, asiyekula, anayesikia sauti na kukwepa kliniki. Hiyo nayo ni hatari kwa mimba, na ndiyo tunayoisahau.

Ila tusichanganye dawa. Valproeti, dawa ya kifafa na ya kutuliza hisia zinazopanda na kushuka, ambayo wagonjwa wengi hupewa pamoja na hizi, si ya kundi hili, na huleta kasoro kwa takriban mtoto 1 kati ya 10, ukiwemo mgongo wazi. Anayeitumia amwone daktari mapema, ikiwezekana kabla ya kushika mimba, wala asiikate mwenyewe ghafla.

Olanzapini hupandisha uzito na sukari, kwa hiyo sukari ipimwe. Mkunga naye aambiwe kuwa mama anatumia dawa, kwa sababu mtoto aliyezoea dawa tumboni anaweza kutetemeka, kulegea au kunyonya kwa shida siku za mwanzo.

Kwenye kunyonyesha, wataalamu hulinganisha dawa anayoipata mtoto kwa kila kilo ya uzito wake na ile anayomeza mama kwa kila kilo yake. Ikiwa chini ya asilimia 10, kwa kawaida hukubalika. Olanzapini na kwetiapini hubaki chini sana ya hapo. Klozapini ndiyo ya kuepuka, maana inaweza kushusha chembe nyeupe za damu ya mtoto. Aripiprazoli inaweza kupunguza maziwa.

Mtoto anayelala mno hata haamki kunyonya, au ambaye mstari wa uzito kwenye kadi yake haupandi, apelekwe kliniki. Na kama dawa inamlaza mama usingizi mzito, usiku mtoto alazwe pake, si kitanda kimoja naye.