Namba ya Gari Ikiibiwa Ukiwa Nchi Jirani

Simu iliita saa kumi na mbili na nusu asubuhi, sijafungua hata ofisi yangu hapa Namanga. Alikuwa mteja wa Arusha, kijana aliyevuka siku tatu nyuma kumpeleka mama yake hospitali Nairobi. "Shikamoo kaka. Namba ya nyuma haipo. Skrubu wameziacha chini." Gari lilikuwa limelala nje ya nyumba ya wageni. Wizi wenyewe haukunishtua sana. Kilichonishtua ni alichoongeza: "Mama tayari yumo ndani, tunaondoka sasa hivi. Nitashughulikia nikifika nyumbani."

Nikamwambia azime gari.

Nimefanya kazi ya uwakala wa forodha mpakani kwa miaka mingi, na hakuna kosa ninaloliogopea watu kama hilo. Kibao chenyewe bei yake si ya kukosesha mtu usingizi. Lakini muda huo huo huenda kimeshafungwa kwenye gari jingine la aina ile ile na rangi ile ile, na kila litakachofanya gari hilo kitaandikwa kwa jina lako: likigonga mtu na kukimbia, likibeba magendo, likiegeshwa wiki nzima bila kulipiwa. Kinga yako ni saa. Ukiweza kuonyesha kwamba kuanzia saa fulani namba haikuwa mikononi mwako, uko salama. Na saa hiyo haina uzito mpaka iandikwe na polisi wa pale pale ilipoibiwa. Ukiripoti Arusha wizi uliotokea Nairobi, umeacha pengo la siku nzima, na pengo hilo ndilo utakaloulizwa.

Kenya, maandishi huanzia kwenye OB, kitabu cha matukio cha kituo. Utapewa namba ya tukio pamoja na tarehe. Wengi huipiga picha na simu wakaondoka. Usifanye hivyo, omba abstrakti, ile fomu yenye mhuri, kisha isome ukiwa bado umesimama kaunta. Iseme kama ni kibao cha nyuma, cha mbele au vyote viwili. Iseme kimeibiwa. Nimewahi kushika abstrakti iliyoandikwa kwamba namba "imepotea", na mwenyewe hakuona tofauti. Tofauti ipo. Kilichopotea huenda kimedondoka kwenye shimo la barabara, lakini kilichoibiwa kuna mtu anakitumia.

Halafu iwe na namba ya chesisi. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo safari nyingi hukwama. Namba ya gari ikiondoka, gari lako linabaki na utambulisho mmoja tu usioondoka kwa bisibisi, nao ni ile chesisi iliyogongwa kwenye bodi. Magari yetu mengi yametoka Japani, na chesisi za kule si tarakimu na herufi 17 kama za magari ya kutoka Ulaya. Ni msimbo wa modeli, kistari, kisha namba, kwa mfano NZE121 na tarakimu zake. Afisa aliyezoea 17 anaweza kudhani umeikata. Fungua boneti umwonyeshe. Kwenye Toyota nyingi ndogo imegongwa kwenye ukuta wa bati ulio kati ya injini na dashibodi, na mara nyingi vumbi na grisi vimeifunika. Beba kitambaa. Na kabla hujasafiri linganisha ilivyogongwa na ilivyoandikwa kwenye kadi ya gari, herufi kwa herufi. Sifuri iliyoandikwa kama O haikusumbui miaka yote ukiwa nyumbani, itakusumbua siku namba imeibiwa.

Kijana alipata abstrakti kabla ya saa tano. Kutoka Nairobi hadi Namanga ni kama kilomita 165, unapita Kitengela, Isinya, Kajiado na Bissil, na trafiki hawakosekani. Alinihoji kama atafute fundi wa vibao pale mjini amchongee kingine. Nilimkatalia kabisa. NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya Kenya, haina mamlaka ya kutoa namba ya Tanzania, na fundi wa mtaani hana mamlaka ya kutoa namba yoyote; ukikamatwa nacho, wewe uliyeibiwa unageuka mtuhumiwa wa kughushi. Badala yake aliandika namba ya gari kwenye karatasi, chini yake namba ya OB, akaibandika ndani ya kioo cha nyuma. Hiyo haihesabiki kuwa kibao. Inamwambia askari kwamba dereva huyu hajifichi. Kila alipoona kizuizi alipunguza mwendo, akasimama na kueleza kabla hajaulizwa. Aliwahi pia kuchonga namba kwenye vioo vyote, na askari mmoja aliridhika kwa hilo tu.

Mpakani, shida ni kibali cha muda cha gari. Kina namba ya gari, chesisi na siku ulizopewa, na lazima kifungwe unapotoka. Ukikosa kukifunga, forodha ya Kenya inahesabu gari bado liko kwao, na siku zikiisha linadaiwa ushuru. Namanga ni kituo cha pamoja tangu 2018, kwa hiyo anayetoka Kenya humaliza taratibu za nchi zote mbili upande wa Tanzania. Tulimkuta afisa wa Kenya dirishani, tukampa kibali, kadi na abstrakti, akatoka nje, akasoma chesisi, akafunga. Kabla ya hapo nilikuwa nimemfanya kijana awapigie watu wa bima. Kadi ya njano ya COMESA, ile bima ya gari inayotambulika nchi jirani, imeandikwa namba ile ile, na dai la ajali likiletwa na mtu mwingine ni heri walikute taarifa yako mezani.

Nyumbani tulichukua pia ripoti ya upotevu ya polisi wetu, tukaiambatanisha na abstrakti kwenye maombi ya TRA. Ujerumani namba iliyoibiwa hufungiwa na mwenye gari hupewa nyingine. Sisi unarudishiwa ile ile, na mwizi bado anayo ile ile. Kwa hiyo kwa miezi kadhaa angalia madeni ya trafiki na ya maegesho kwa namba yako kila wiki, na ukiona faini ya mahali ambapo hukuwepo, peleka abstrakti siku hiyo hiyo, usisubiri zikusanyike.

Vibao vipya tumevifunga kwa riveti. Skrubu mtoto anaweza kuifungua kwa sarafu. Riveti inahitaji drili, na drili inaamsha mlinzi.