Gemu ya mchezaji mmoja haijafa

Kwenye mabanda ya gemu ya Manzese na Mbagala utasikia kwamba gemu ya kucheza peke yako imepitwa na wakati, kwamba bila mpinzani wa mtandaoni hakuna gemu. Si kweli. The Witcher 3, ya mchezaji mmoja, ilitoka 2015, na kufikia 2023 nakala zake zaidi ya milioni 50 zilikuwa zimeuzwa. Astro Bot, nayo ya mtu mmoja, ilitwaa tuzo ya gemu bora ya mwaka 2024 katika The Game Awards.

Mwaka huohuo Concord, gemu ya mtandaoni tu, ilizinduliwa Agosti 23 na seva zake, yaani kompyuta zinazoiendesha mtandaoni, zikazimwa Septemba 6. Wanunuzi walirudishiwa fedha zao. Hapo ndipo watu hawatazami: gemu ya mtandaoni huishi kwa hiari ya mwenye seva. Nyingi za mchezaji mmoja, ukishaziweka kwenye mashine, hazikudai bando, wala haijalishi seva za ng'ambo ziko mbali kiasi gani na Dar. Mama akikutuma dukani, unaisimamisha tu, unakwenda.

Na huo upweke unaosemwa? Mpe mmoja pedi ya kuchezea, uone banda zima linavyomzunguka, kila mtu akimwelekeza apite wapi.