Risasi ya .375 H&H: uzushi wa wanaoidharau na wanaoitukuza

Mwaka 1912, wakati Tanganyika ilikuwa bado haijaitwa Tanganyika, kampuni ya Holland & Holland ya London ilianza kuuza risasi ya raifeli yenye kichwa (kile kipande kinachoruka) cha upana wa inchi 0.375, yaani milimita 9.5. Zaidi ya miaka mia moja imepita na risasi hiyo, .375 H&H Magnum, bado inatengenezwa Ulaya na Marekani, na bado ni miongoni mwa zinazotajwa mwanzo mtu akiuliza abebe bunduki gani kwenda kuwinda nyati. Nyingi zilizozaliwa baada yake, zenye kasi kubwa zaidi na majina ya kutisha zaidi, hata madukani hazionekani tena.

Kitu kikiishi muda huo wote hakikosi kuzungukwa na hadithi. Wapo wanaoidharau kwa kuwa ni ya kizamani, na wapo wanaoitukuza kana kwamba ndani yake kuna hirizi. Kwa maoni yangu hawa wa pili ndio wabaya zaidi. Anayeidharau ataacha kuinunua, basi. Anayeitukuza ataingia porini ameiamini kupita kiasi, mbele ya mnyama wa kilo mia saba.

"Inamwangusha mnyama kwa kishindo chake"

Hii ndiyo kubwa kuliko zote, na haihusu .375 peke yake. Watu husimulia nyati "aliyerushwa" na risasi. Tupige hesabu kidogo. Kichwa cha kawaida cha .375 kwa wanyama wakubwa kina uzito wa greni 300, sawa na gramu 19.4, na hutoka mdomoni mwa mtutu kwa kasi ya takriban mita 770 kwa sekunde. Zidisha uzito kwa kasi, kisha gawanya kwa kilo 700 za nyati: msukumo wote ule ungemsogeza kwa sentimita mbili tu kwa sekunde. Msukumo wa namna hiyo hata hautamwondoa nzi mgongoni. Na kama risasi ingekuwa na uwezo wa kumrusha nyati, basi bunduki nayo ingemrusha mwindaji, maana nguvu inayokwenda mbele hurudi nyuma vilevile.

Mnyama huanguka papo hapo ikiwa ubongo au uti wa mgongo umeguswa. Nje ya hapo anakufa kwa kupoteza damu, na hilo lina muda wake. Nyati aliyepigwa moyoni barabara bado ana hewa ya kutosha kichwani kwa sekunde kama kumi hivi, wakati mwingine zaidi. Akikimbia kwa kilomita 50 kwa saa, sekunde kumi ni zaidi ya mita 130. Anaweza kuzitumia kukukimbia. Anaweza pia kuzitumia kukufuata.

Kinachoifanya .375 iaminike ni kupenya. Kichwa chake ni kirefu na kizito kulingana na upana wake, kwa hiyo hakipindi njia kirahisi kikikutana na mfupa wa bega. Aina ya kichwa nayo ina neno kubwa. Kichwa laini hutanuka kikiingia na kufungua jeraha pana; kichwa kigumu hakibadiliki umbo na huenda mbali zaidi, ndiyo maana hutumika kwa fuvu la tembo. Mwindaji aliyebeba .375 yenye vichwa laini vya kuwindia swala akakutana na kiboko nchi kavu ana bunduki sahihi na risasi isiyofaa.

"Ukiwa na .375 huhitaji mtu wa kukulinda"

Angalia anachobeba mwindaji bingwa anayemwongoza mteja. Mteja mara nyingi ana .375. Bingwa mwenyewe, kama kazi ni nyati au tembo, wengi wao hushika bunduki ya risasi kubwa zaidi, .416, .458 au ya mitutu miwili ya .470 Nitro Express, ambayo kichwa chake kina gramu 32. Hawabebi mzigo ule kwa mapambo. Kumwua mnyama aliyesimama ametulia na kumsimamisha aliyekwishaamua kukujia ni kazi mbili tofauti, na .375 imesifika kwa ile ya kwanza. Kwa ya pili inahesabiwa kuwa kiwango cha chini. Imewahi kuokoa watu wengi, sikatai, lakini ni kwa sababu ya mahali walipopiga.

"Bell aliua tembo kwa bunduki ndogo, kwa hiyo hata .375 ni kubwa mno"

Kila mabishano ya risasi yakipamba moto lazima atatajwa Mskoti W. D. M. Bell, aliyeitwa "Karamojo" kwa ajili ya safari zake za Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20. Ni kweli aliua tembo zaidi ya 1,000, na wengi wao kwa .275 Rigby, ambayo ndiyo 7x57 ya Mauser kwa jina la Kiingereza, risasi ambayo leo watu huitumia kwa swala.

Kisichosimuliwa ni mengine yote. Bell alitumia vichwa vigumu. Alichunguza mafuvu ya tembo mpaka akajua ubongo ulipo kwa kila upande ambao mnyama anaweza kusimama. Alikuwa mlengaji wa ajabu, na uwindaji ulikuwa kazi yake ya kila siku mwaka hadi mwaka, kati ya makundi ambayo mengi hayakuwa na uzoefu wa bunduki. Alikuwa pia huru kumwacha tembo asiyekaa vizuri, kwa sababu kesho kulikuwa na mwingine. Mteja wa leo ana kibali cha mnyama mmoja, siku chache, na bega ambalo mwaka mzima limekuwa ofisini. Anayemtaja Bell kama hoja aanze na yale mafuvu.

"Ule mkanda kwenye ganda ndio unaoipa nguvu"

Shika risasi ya .375 H&H utaona, juu kidogo ya kitako cha ganda, uvimbe unaolizunguka kama mkanda. Wengi huamini kwamba umewekwa kuimarisha ganda lisipasuke. Sivyo.

Risasi ikiingia chemba, yaani nafasi yake nyuma ya mtutu, lazima ikome mahali pamoja kila mara, isizame zaidi wala isibaki nje. Maganda ya zamani yalikuwa na ukingo mpana chini ambao uligota kwenye mtutu. Ya kisasa hugota kwenye bega, pale ganda linapoanza kuwa jembamba. Ganda la .375 lilichongwa kwa kupungua taratibu kutoka chini hadi juu, na bega lake ni la mteremko mpole mno kutegemewa. Kwa hiyo wakaweka mkanda ugote badala ya bega. Holland & Holland walikwishaujaribu kwenye risasi yao ya 1905, .400/375. Kwa bunduki za mitutu miwili walitoa ndugu yake mwenye ukingo, mwaka huohuo wa 1912, naye hana mkanda kwa kuwa hauhitaji.

Na kwa nini walichonga ganda namna ile? Kwa sababu ya joto. Baruti ya Waingereza wakati ule ilikuwa kodaiti, na kodaiti ikipata jua kali shinikizo lake hupanda. Ganda lenye kuta zilizonyooka lingeweza kunasa chembani baada ya kufyatuliwa, na kunasa kwa ganda mbele ya simba si jambo la kulisimulia ukiwa hai. Lililochongoka hunasuka mara tu linapoanza kurudi nyuma. Hata leo, kwa baruti isiyojali joto sana, wenye .375 wanakwambia jinsi inavyoingia na kutoka bila kugoma, na hapo hawatii chumvi.

Baadaye Wamarekani waliubandika mkanda uleule kwenye kizazi kizima: .458 Winchester Magnum ya 1956, .338 ya 1958, 7mm Remington Magnum ya 1962, .300 Winchester Magnum ya 1963. Kwa .458 ulikuwa na kazi, maana ganda lake halina bega kabisa. Kwa nyingine zenye bega kali la kutosha ulikuwa zaidi alama ya biashara. Hapo ndipo watu wakaanza kuamini kwamba mkanda ni nguvu.

"Vichwa vya uzito wowote hupiga mahali pamoja"

Hii huwapendeza sana mashabiki. Wanasema unaweza kubadili kutoka greni 235 kwenda 270 kwenda 300 bila kugusa darubini. Kuna chembe ya ukweli: raifeli kadhaa za .375 huweka vichwa hivyo karibu karibu kwa umbali wa mita mia. Lakini hilo ni tabia ya mtutu fulani na risasi fulani. Bunduki mbili za kiwanda kimoja, zenye namba zinazofuatana, zinaweza kutofautiana. Tundika karatasi, piga, upime. Asiyefanya hivyo kabla ya safari hana haki ya kulaumu risasi.

"Ni ya karibu tu, vichakani"

Ukiweka kichwa cha greni 270, .375 hutoka kwa takriban mita 820 kwa sekunde. Raifeli maarufu ya .30-06 yenye kichwa cha greni 180 nayo hutoka kwa kasi hiyohiyo, au karibu sana. Ndiyo maana njia zao hewani hufanana, na mita 250 kwa pofu aliyesimama mbugani si umbali wa kuiogopesha. Vichwa vigumu vya pua butu hupoteza kasi mapema zaidi, lakini hakuna anayepiga tembo kwa mita 250.

"Itamharibu swala, nyama yote damu"

Kinyume chake hutokea mara nyingi. Kinachosaga nyama ni kasi pamoja na kichwa kinachotawanyika. Risasi nyembamba inayofika kwa kasi ya karibu mita 900 kwa sekunde huacha madoa makubwa ya damu iliyovilia kuliko kichwa kizito cha .375 kinachopita kwa mwendo wa wastani na kutokea upande wa pili. Ukipiga mfupa wa bega utapoteza nyama kwa bunduki yoyote ile.

"Teke lake halivumiliki"

Hapa pande zote mbili hutia chumvi. Kwa raifeli ya kilo nne, .375 hurudi begani kwa nguvu ya takriban juli 50 (juli ni kipimo cha nishati). Hiyo ni karibu mara mbili ya .30-06, na iko chini sana ya .458. Mtu mzima wa umbo la kawaida anaweza kuizoea. Wasioizoea ni wale wanaoichukua kwa mara ya kwanza wameketi kwenye meza ya shabaha, bega limebanwa, wakapiga risasi ishirini mfululizo. Kutoka siku hiyo wanafumba macho kabla ya kuvuta triga, na hakuna risasi inayomfaa anayefumba macho. Anza kwa kusimama, risasi chache, masikio yamezibwa. Darubini nayo ikae mbali na nyusi.

"Sheria za Afrika nzima zinadai .375"

Hapana. Tanzania inaitaja .375 kuwa kipimo cha chini kwa wanyama hatari. Namibia huangalia nguvu ya risasi. Inadai nguvu isiyopungua juli 5,400 kwa nyati na tembo. Zimbabwe inataka milimita 9.2 na juli 5,300. Kenya haina haja ya kipimo, kwa kuwa uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977. Ukweli ni kwamba .375 yenye kichwa cha greni 300 hutoa juli kama 5,700, ikavuka vizingiti vyote hivyo. Jirani yake wa Kijerumani, 9.3x62 ya 1905, ambayo binafsi naiheshimu sana, kwa risasi za kawaida haizifikii juli hizo.

"Imezikwa na .375 Ruger"

Mwaka 2007 ilitokea .375 Ruger. Haina mkanda, ganda lake ni nene na fupi, inaingia kwenye bunduki ya urefu wa kawaida, na inafikia au kupita kidogo kasi ya mkongwe. Kiufundi ni muundo bora. Kasoro ya kweli ya .375 H&H ni urefu wake: risasi nzima ina milimita 91, na mwanzoni ilihitaji mitambo ya Mauser (sehemu ya bunduki inayopakia na kufungia risasi) iliyorefushwa, ghali kupindukia. Bei ilishuka Winchester walipoiweka kwenye Model 70 kuanzia 1937, na baadaye raifeli za Brno ZKK 602 kutoka Chekoslovakia zikaisambaza zaidi.

Lakini Ruger imekuta miaka 95 ya mtangulizi wake ikiwa tayari porini. Mzigo wa risasi wa mteja ukipotea uwanja wa ndege, na hupotea, kambi yoyote ya wanyama wakubwa huenda ikawa na paketi mbili tatu za H&H kabatini, zilizobaki kwa wateja waliotangulia. Mwenye Ruger atapewa bunduki ya kuazima, ambayo kuna uwezekano mkubwa ikawa .375 H&H.