Eksirei za nyota ni nini, na Ngomeni inaingiaje?

Ukivunjika mkono hapa Malindi utapelekwa kupigwa picha ya eksirei. Mashine hutoa miale, nyama huipitisha, mfupa huizuia, na kivuli cha mfupa ndicho daktari anachokisoma. Eksirei za nyota ni miale ya aina hiyohiyo, ila hakuna mashine: chanzo ni nyota yenyewe, sisi kazi yetu ni kupokea.

Shida ni hewa. Mwanga wa nyota hupenya angahewa ukatufikia machoni. Eksirei humezwa huko huko juu. Heri yetu, lakini anayetaka kuzichunguza lazima apandishe chombo juu ya hewa. Riccardo Giacconi, mzaliwa wa Genoa aliyehamia Marekani mwaka 1956, alifanya hivyo na wenzake Juni 1962. Roketi yao ilikaa juu dakika chache tu, ikatosha kugundua Scorpius X-1, chanzo cha kwanza cha eksirei kujulikana nje ya mfumo wa jua letu.

Kwa kazi ya miaka ilitakiwa setilaiti, na hapo ndipo Ngomeni, kijiji cha pwani kaskazini mwa Malindi, inapoingia. Ukishapita Gongoni na mashamba yake ya chumvi, utayaona majukwaa ya chuma yamesimama kwa miguu baharini, ya San Marco, mradi wa Waitaliano wa kurusha roketi. Karibu na ikweta dunia huzunguka kwa kasi kubwa kuliko kwingineko, kwa hiyo roketi inayorushwa kuelekea mashariki hupata msukumo wa bure. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya kujitawala, setilaiti ya Giacconi na wenzake ikarushwa kutoka hapo. Wakaiita Uhuru. (Mtaliano ahamie Marekani, kisha kazi yake kubwa ipitie Malindi, mji ambao vijana wa pwani wanakisema Kitaliano! Haya.)

Uhuru ikawa inajizungusha taratibu, ikifagia anga. Ilipokielekea chanzo kiitwacho Centaurus X-3 ikakuta eksirei zinapigapiga kama mshipa, kila baada ya sekunde 4.8, hesabu moja hadi tano bila haraka utaipata. Pale nyota ndogo nzito mno inanyonya gesi ya mwenzake. Chuma cha mhunzi kikipata moto huwa chekundu, kisha cheupe. Gesi hiyo ikiporomoka hufika mamilioni ya digrii, na joto hilo hutoa eksirei. Cygnus X-1 nayo ilimetameta bila mpangilio, na baadaye wataalamu wengi wakakubali kuwa ni shimo jeusi: lenyewe halitoi mwanga, linalolifichua ni gesi inayoliangukia.

Giacconi alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002, akafariki 2018. Setilaiti ilikuwa imenyamaza tangu 1973, ikiwa imeacha orodha ya vyanzo 339. Hadi leo wanaastronomia huviita vingi kwa alama 4U ikifuatwa na namba. Hiyo U ni ya Uhuru.