Wati za PMPO kwenye sabufa
Wengi huamini kuwa sabufa iliyoandikwa 10,000W PMPO (yaani kilele cha nguvu ya muziki) lazima iizidi nguvu ile ya 5,000W. Sivyo. PMPO haina kanuni moja ya upimaji. Kila kiwanda hukokotoa kivyake kilele hicho cha nguvu, ambacho ni cha kufumba na kufumbua. Soketi ya ampea 13 kwenye volti 230 hutoa wati 2,990 tu, kwa hiyo hakuna sabufa ya nyumbani inayopiga wati 10,000 mfululizo. Inaniuma kuona watu wakilipia tarakimu hizo za kwenye boksi. Uliza RMS, yaani nguvu ambayo amplifaya huitoa bila kukoma, au geuza sabufa usome kibandiko cha nyuma: umeme unaotumika mara nyingi ni makumi ya wati. Na hata RMS ikiwa maradufu, sauti hupanda desibeli 3 tu, tofauti ndogo masikioni.