Kukaimu miezi sita hakukupi cheo

Kwenye mabaraza ya Mkunguni, Lamu, na ndani ya mashua za asubuhi zinazovusha wafanyakazi wa kaunti kwenda Mokowe, kauli hii imezoeleka: ukikaimu cheo cha juu zaidi ya miezi 6, cheo na mshahara wake ni vyako kisheria. Si kweli.

Sheria ya Tume ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2017 inataka kukaimu kusipungue siku 30 wala kusizidi miezi 6. Ukomo huo umewekwa kumbana mwajiri, asimwache mtu ashikilie nafasi miaka nenda miaka rudi bila kuitangaza. Haumpandishi mtu daraja. Cheo chenyewe hupatikana kwa nafasi kutangazwa, watu wakashindana, kisha bodi ya utumishi wa umma ya kaunti ikatoa barua.

Ila wanaosema kaimu hana haki yoyote nao wamepitiliza. Aliyekaimu kwa barua anaweza kudai posho ya kukaimu, na kwa maoni yangu hapo ndipo penye dai la maana. Aliyeambiwa kwa mdomo tu, "shika hapo kidogo", ana kazi ngumu ya kuthibitisha.

Wala huanzii mahakamani. Uamuzi wa bodi ya kaunti hukatiwa rufaa kwanza kwa Tume, ndipo iende Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo ina kituo Malindi. Na madai ya ajira kwa kawaida yana ukomo wa miaka 3. Anayengoja kustaafu ndipo adai posho za zamani huwa amechelewa.